Kompyuta izimwe usiku au iachwe? Hesabu ya Voi si ya Ulaya

Saiba nyingi za Voi hufunga saa mbili usiku, zile za karibu na steji pengine saa tatu. Ukisimama nje wakati huo utaona jambo ambalo limewagawanya mafundi na wenye maduka tangu nianze kazi hii. Wengine wanazima kila kitu mpaka ukutani. Wengine wanafunga mlango na kuziacha kompyuta zikinguruma gizani. Kila upande unamwona mwenzake kuwa ndiye anayeharibu mali.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Voi, na kazi hunipeleka Mwatate, Wundanyi na mara mojamoja Taveta. Swali hili naulizwa na walimu, makarani wa sacco, wenye saiba na watu wa majumbani. Jibu langu ni fupi: zima, kisha uzime na soketi. Ila sababu ninazozitoa si zile utakazozikuta ukisoma maandishi ya Ulaya na Marekani, ambako mjadala huu ni wa zamani na umejikita kwenye bili ya umeme na umri wa mashine. Huku kwetu usiku una mambo yake.

Kwanza tuwatendee haki wale wanaoacha. Hawakulizua hilo kichwani. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na taa za kioo karibu 18,000, kila moja na waya wa kupata moto ndani kama balbu. Nyinyi mnaokumbuka balbu za zamani mnajua zilivyokuwa: balbu haiungui ikiwa imetulia inawaka, inaungua pale unapobonyeza swichi. Taa za ENIAC nazo zilikuwa hivyo hivyo. Nyingi zilikufa wakati wa kupata moto au wakati wa kupoa, basi wahandisi wakaona heri mashine isizimwe. Ilifanya kazi hadi Oktoba 1955, na muda mwingi wa miaka hiyo ya mwisho iliachwa ikiwaka usiku na mchana.

Baadaye zikaja diski za kuzunguka. Hizo nazo huchoka zaidi zinapoanza mwendo kuliko zinapokuwa zimeshika kasi. Mtu aliyejifunza kompyuta miaka ya 1980 au 1990 alifundishwa kweli kwamba kuwasha na kuzima kila saa ni kuitesa mashine. Mghosi mmoja aliyestaafu ualimu huko Wundanyi alinibishia kwa hoja hii hii, na alikuwa anajua anachosema, isipokuwa ni elimu ya mashine ambazo hatunazo tena. Diski ya leo imeundwa kuvumilia makumi ya maelfu ya kuwashwa na kuzimwa. Ukiwasha mara moja asubuhi na kuzima mara moja jioni, kwa miaka kumi hujafikisha hata 4,000. Na zile za SSD hazina kitu kinachozunguka kabisa.

Sasa pesa. Tuchukue kompyuta ya mezani ya aina iliyojaa huku kwetu, zile zilizotumika ofisini Uingereza zikaletwa kwa kontena, ambazo wauzaji wanaziita ex-UK. Ikiwa imewashwa tu na haina mtu, pamoja na skrini, tuseme inakula wati 50. Kutoka saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa 12. Wati 50 mara 12 ni 600, yaani uniti 0.6. Uniti moja, ukijumlisha kodi na makato yote yale yanayokuja kwenye ujumbe wa tokeni, tuiweke shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi. Basi ni shilingi 18 kwa usiku mmoja. Nani atalilia shilingi 18? Lakini kwa mwezi ni 540, kwa saiba yenye mashine nane ni 4,320, na kwa mwaka ni 51,840. Hiyo ni kompyuta mpya, au kadhaa za ex-UK, imeyeyuka usiku hakuna aliyeitumia.

Kuna mwenye duka aliyeniambia kwamba umeme wa usiku ni rahisi, kwa hivyo hana wasiwasi. Amesikia kitu cha kweli, ila hakimhusu. Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei ya nusu kwa saa za usiku, na walengwa walikuwa viwanda na wateja wakubwa wa biashara. Sababu yake inaeleweka: mvuke wa Olkaria hutoka ardhini usiku na mchana, na watu wakilala mahitaji hushuka, basi wenye viwanda wakashawishiwa wafanye kazi usiku. Mita ya tokeni ya saiba au ya nyumbani kwako haijui ni saa ngapi. Inakata sawasawa.

Kwa laptopu moja ya nyumbani, nakiri hesabu hii haina uzito. Laptopu iliyofunikwa ikalala hula wati moja au mbili, na asubuhi hutaona tofauti kwenye tokeni. Kama ni bili peke yake, nisingekuwa na haja ya kuandika.

Jambo linalonifanya niwe mkali ni stima inaporudi. Wengi wanaogopa ikipotea, lakini kwenye meza yangu ya kazi naletewa zaidi mashine zilizokufa ikirudi, na nyingi zinaletwa asubuhi. Tazama kinachotokea. Stima ikikatika saa saba usiku, friji za mtaa mzima zinabaki zimewashwa, pampu za maji pia, na mafeni, kwani watu wamelala. Ikirudi, vyote vinavuta kwa mpigo mmoja. Mota ikianza kuzunguka kutoka kusimama huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaohitaji ikishazoea mwendo. Zile volti 240 tunazopaswa kuzipata zinashuka, taa zinafifia, kisha mzigo ukipungua ghafla zinaruka juu. Mara nyingine inakatika tena na kurudi mara mbili tatu kabla haijatulia.

Ndani ya kompyuta, anayepokea kipigo hicho ni pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni ambako waya wa ukutani huingia. Kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani kuwa mdogo na ulionyooka. Volti zikishuka, haikubali kutoa kidogo. Inavuta ampea nyingi zaidi ili ndani kusipungue kitu, na kwa kufanya hivyo inachemka. Volti zikiruka juu, kuna kijidude ndani kinachobeba ule mruko, na ambacho huchoka kila kinapoubeba mpaka siku moja kinapasuka. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake. Mara nyingine inaondoka na mazabodi, na diski ikiwa ilikuwa inaandika kitu wakati huo, faili linavunjika katikati.

Mchana mtu yupo. Anasikia friji imebadili sauti, anaona taa zinacheza, anakimbilia swichi. Saa saba usiku hakuna mtu.

Wala hatuzungumzii transfoma ya mtaani peke yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Huo ulikuwa mchana. Tarehe 25 Agosti 2023, siku ya Ijumaa, stima ilipotea karibu nchi nzima ikikaribia saa nne usiku, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, na ikawa inarudi eneo kwa eneo usiku ule na siku ya pili yake. Mwaka huo huo ilitokea tena Novemba na Desemba. Ukiwa umeacha kompyuta nane zimewashwa Ijumaa usiku ukaenda zako nyumbani, hukuwapo kuchagua ni kurudi kupi kuzipokee na kupi kusizipokee.

Kuna shule moja ya upili huku kwetu iliyokuwa na kompyuta kumi na mbili, zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi. Mwalimu wa somo hilo alikuwa akiziacha zimewashwa ili wanafunzi wa preps ya alfajiri wazikute tayari, kwa sababu ni za zamani na huchukua muda kuwaka. Nia njema kabisa. Usiku mmoja stima ilienda na kurudi mara kadhaa, na asubuhi nne hazikuwaka. Walio na watoto wa kidato cha nne wanajua kwamba somo la kompyuta kwenye KCSE lina mradi ambao mwanafunzi huufanyia kazi kwa miezi, na alama zake zinahesabiwa. Kwenye mashine mojawapo kati ya zile nne, diski nayo ilikuwa imekwenda, na miradi ya wanafunzi watatu ilikuwamo. Wawili walikuwa na nakala kwenye flashi. Wa tatu alianza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Zile ex-UK ndogo zina pawa saplai za umbo lao wenyewe, huwezi kuchomoa ya kompyuta nyingine ukaipachika, kwa hivyo tuliagiza Nairobi, zikaja kwa basi, na kwa muda wote huo darasa lilikaa watatu watatu kwenye mashine moja.

Hapo ndipo utaona kwa nini nasema kuzima peke yake hakutoshi. Kompyuta ya siku hizi ukiizima bado inavuta umeme kidogo, ile pawa saplai iko macho ikingoja ubonyeze kitufe. Fungua kifuniko cha baadhi yao uone taa ndogo kwenye mazabodi ikiwa bado inawaka. Ikiwa macho, mruko wa stima unaifikia. Bahati yetu ni kwamba soketi zetu, hizi za pini tatu tulizorithi kwa Waingereza, zina swichi ukutani. Zima kompyuta kwa utaratibu wake, subiri feni inyamaze, halafu ndipo ubonyeze ya ukutani. Atakayeanza na ya ukutani akidhani anafupisha kazi atakuwa amejikatia stima mwenyewe, na faili zake zitamlipa hivyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawajui ni kwamba kompyuta nyingi za ofisini zina mpangilio wa ndani unaoamua zifanye nini stima ikirudi: zibaki zimezimwa, ziwake zenyewe, au zirudi zilivyokuwa. Nikiitwa mahali na kukuta zimewekwa kuwaka zenyewe, hilo ndilo ninalobadilisha kabla sijagusa kitu kingine.

Halafu kuna vumbi. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo huu huu unaoingia madukani mwetu, na feni ya kompyuta haichagui inavuta nini. Mashine inayofanya kazi saa 24 inavuta hewa ya Voi mara mbili ya ile inayofanya saa 12. Nimefungua kompyuta za maduka ya kando ya barabara kuu nikakuta ndani kuna zulia jekundu juu ya kipozaji, jembamba lakini limeshikana kama kitambaa. Hapo joto halina pa kutokea. Ongeza joto lenyewe la Februari na Machi, na chumba cha mabati kilichofungwa madirisha usiku kwa ajili ya wezi.

Na kuna wageni. Mjusi kafiri anapenda mahali penye joto, siafu na sisimizi pia, na mende hata sisemi. Kompyuta iliyoachwa inawaka usiku kimya kimya ni nyumba ya kulala. Mjusi akigusa sehemu mbili zisizotakiwa kuguswana ndani ya pawa saplai, anakufa yeye na inakufa nayo. Nimewatoa wengi wakiwa wamekauka kabisa. Iliyozimwa nayo inaweza kuingiliwa, ila haina joto la kuwaita, na haina umeme wa kuwaunguza.

Milimani mambo hubadilika kidogo. Wundanyi na Werugha kuna baridi na ukungu, na huko unyevu ndio adui. Kompyuta ya maabara ya shule iliyofungiwa likizo nzima bila kuwashwa hupata kutu kwenye viunganishi vyake. Wenzetu wa Lamu na Mombasa wanajua habari hii kwa upande wa chumvi ya bahari. Dawa yake ni kuiwasha saa moja au mbili kila wiki, mchana, mtu akiwapo, ijikaushe kwa joto lake. Kuiacha usiku kucha hakuhitajiki.

Nani basi anapaswa kuacha? Wapo. Hospitali ambayo rekodi za wagonjwa ziko kwenye seva haiwezi kuizima saa mbili usiku, ajali za barabara ya Mombasa hazina saa. Mwenye kamera za ulinzi hawezi kuzizima wakati wezi ndio wanaanza kazi. Sacco ambayo mashine yake inafanya nakala ya hesabu za siku usiku wa manane nayo ina sababu. Wote hawa nawaambia wasiegemee ukuta mtupu. Wanunue UPS yenye uwezo unaolingana na mzigo, na wajue kwamba betri zake ni za asidi kama za gari dogo na hazipendi joto. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi kumi za joto juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. UPS ambayo Nairobi itakaa miaka minne, chumba cha Voi kisicho na hewa kinaweza kuimaliza kwa miwili. Naingia ofisini nakuta UPS iko chini ya meza inawaka taa nzuri ya kijani, nachomoa waya ukutani kuijaribu, na kila kitu kinazima palepale. Ilikuwa pambo.

Kwa asiyeweza kununua UPS, kile kifaa cha friji ambacho kila mtu anakiita friji gadi kinasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Hukata stima ikishuka au ikizidi, na ikirudi hungoja dakika kadhaa kabla ya kuipitisha, mpaka vurumai ya mtaa itulie. Ziko za kompyuta na za TV. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu haifanyi kazi hiyo, hata kama aliyekuuzia alisema.

Wale wanaoacha kompyuta usiku ili ishushe programu au filamu kwa bando la usiku, tumieni laptopu. Ina betri, stima ikipotea haistuki. Na kama ni masasisho ya Windows, yaacheni yafanyike mnapofunga, mngoje yaishe. Hapa kuna jambo dogo la kushangaza: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down mara nyingi haizimi yote. Inahifadhi kiini chake kwenye diski ili asubuhi iwake upesi, na kasoro zilizokuwamo jana unaamka nazo. Inayoanza upya kweli ni Restart. Kwa hivyo mashine ikiwa nzito, Restart kwanza, kisha izime.

Kwa wenye saiba kuna deni jingine ambalo halihusiani na umeme. Ikikaribia tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, watu wanapanga foleni mpaka barabarani, na wengi hawajui kutoka kwenye akaunti zao. Wanainuka, wanalipa, wanaondoka. Ukifunga duka ukaacha mashine inawaka, barua pepe ya mtu, eCitizen yake na namba yake ya kitambulisho vimelala wazi kwenye skrini au nyuma yake, na kijana wa kwanza kufungua duka asubuhi anavikuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mwenye saiba kama inavyoihusu benki. Hata kuzima hakutoshi hapo, maana baadhi ya tovuti humkumbuka mtu hata baada ya mashine kulala na kuamka. Safisha historia ya kivinjari kila jioni, au uiweke ijisafishe yenyewe ikifungwa, halafu zima.

Imebaki ruta, ambayo kila mtu anaisahau. Inakula kidogo, wati kumi hivi au chini, na nyumbani watu wanataka waifai mpaka wanalala. Sina ugomvi nayo miezi ya kiangazi. Lakini mvua za vuli zikianza kuja na radi zake, ichomoe kabisa, swichi peke yake haitoshi, kwa sababu radi ikipiga karibu inaruka nafasi ile ndogo ya swichi bila shida. Na kama intaneti yako inakuja kwa waya wa shaba kutoka kwenye antena ya paa, chomoa na huo. Wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, unaweza kubaki.